Mwaka wa Kucheza Nyani

Mama Neema alinipigia simu Jumatano, nikiwa napepeta mchele, akaniambia anahama. Binti yake amejenga Madale, kule juu kwenye vilima, na hataki tena kusikia mama yake analala peke yake Temeke. "Njoo unisaidie kufunga vyombo, mwanangu," akasema. "Hidaya naye nimemwambia. Nyie ndio mnaolijua kabati langu." Nikamwitikia kwa furaha kabisa, nikamwahidi Jumamosi, halafu nikabaki na ungo mapajani mpaka jua likahama kibarazani. Miaka kumi na minane nimekuwa nikiingia na kutoka kwa mwanamke huyu. Alicheza kwenye harusi yangu, alimwogesha mtoto wangu wa kwanza, na hakuna Iddi iliyopita bila mimi kumpelekea pilau. Na miaka yote hiyo kuna jambo moja sijamwambia: kwamba mumewe alipoanza kuugua, sisi tuliona. Tuliona kabla ya mtu mwingine yeyote, kabla yake yeye aliyekuwa analala naye kitanda kimoja, na tukanyamaza. Akishafika Madale, nikajiambia, sitapata tena siku ya kukaa naye jikoni. Ama nitasema Jumamosi ama nitazikwa nalo.

Mumewe alikuwa Mwalimu Rwiza. Alifundisha hesabu sekondari mpaka nywele zikamwisha, akastaafu, na kustaafu kukamkaa vibaya. Asubuhi alipiga pasi shati, akalivaa, akakaa kwenye kochi kusubiri kengele isiyokuwepo. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza chuo cha ualimu nasubiri kupangiwa shule, nimepanga chumba pamoja na Hidaya kwenye nyumba iliyotazamana na ya kwao. Hidaya alikuwa akikaanga mihogo pale nje, na ikifika saa tisa alasiri ameshamaliza. Festo, karani wa bandarini aliyepanga chumba cha uani kwa Mwalimu, alikuwa na mdomo usio na breki. Tulianza kwenda kwa Mwalimu Jumapili kwa sababu ya chakula, sina haja ya kuficha. Mama Neema alipika ndizi za nyama zenye mchuzi mzito, na ndugu zake wa Bukoba wakimtumia senene, wale panzi wa kwao wa kuliwa, aliwakaanga akatuwekea bakuli mezani. Festo aliwala kwa konzi. Mimi nilijifanya siwaoni.

Sebule yao ilikuwa ndogo na imejaa: makochi mawili yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika, ramani ya Afrika iliyookolewa shuleni ikiwa imechanika upande wa Somalia, na feni ya mezani ambayo ilikuwa ikigeuza shingo, ikifika kwa Festo inakwama. "Hata feni inanipenda," alikuwa akisema. Siku ya kwanza Mwalimu alipotandika mkeka na kutoa karata, tulidhani anataka arobaini ya kawaida, ile ya kukamiana na kugongana. Yeye akachanganya paketi mbili kuukuu, akatoa karata zote za picha na zote zilizozidi tano, akagawa nne nne. Halafu akashika za kwake kwa namna ambayo hatujawahi kuiona: migongo ikimtazama yeye, nyuso zikitutazama sisi. "Za kwako usizione," akasema. "Za kwako zinaonwa na wenzako." Festo akazigeuza haraka achungulie, akapigwa rula ya kidoleni, rula ya kweli, ya mbao.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Ugumu ulikuwa kuuishi. Tulitakiwa kupanga mkekani safu nne, kopa, uru, shupaza na pao, kila moja kuanzia ree mpaka tano kwa mfuatano. Karata unayoiweka huijui, inabidi uikisie kutokana na unachoambiwa. Na kuambiwa kulikuwa na sheria. Zamu yako ikifika unaweza kumdokeza mwenzako jambo moja tu, aina au namba: hizi mbili ni kopa, hii ni tatu. Huongezi neno, huongezi jicho. Kwenye sosa kulikuwa na mbegu nane za ukwaju, na kila dokezo lilikula mbegu moja. Ukitaka mbegu irudi, lazima utupe karata, na unaweza kuwa umetupa ile iliyokuwa inangojewa na nyumba nzima. Ukiweka isiyofuatana, ni kosa. Makosa matatu, tumekufa wote.

"Sasa anashinda nani?" Hidaya aliuliza.

"Hakuna nani. Tunashinda wote au tunashindwa wote."

"Mzee, huo si mchezo," Festo akasema. "Huo ni ujamaa."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Jina la mchezo alilotupa yeye silikumbuki, lilikuwa refu na la kishule. Jina tulilolitumia alilileta Festo wiki ya pili, nilipoweka karata kwa mbwembwe, nikiwa na hakika ni mbili ya uru, kumbe ni tano ya pao na watu watatu walikuwa wakiitazama wakiuma midomo. "Nyani haoni kundule," akasema. Mama Neema akaita kutoka jikoni, "Festo, ndani ya nyumba yangu?" Lakini lilishanata. Toka hapo ilikuwa "leo kuna nyani?" na "nyani saa ngapi?", mpaka Mama Neema mwenyewe akawa anamwambia jirani barazani kwamba watoto wamekuja kwenye nyani wao.

Nilikuwa mchezaji mbaya, na sababu ilikuwa hasira. Nilikuwa sivumilii mtu asiyeelewa. Hidaya akiambiwa hii ni nne akakaa nayo raundi tatu bila kuiweka, nilivuta pumzi, nilikuna kichwa, nilitazama dari. "Mwanahawa," Mwalimu alikuwa akiniambia, "uso wako unapiga kelele." Alinifundisha taratibu, kama alivyofundisha milinganyo, kwamba kosa la mwenzangu mara nyingi lilianzia kwenye dokezo langu. Usimwambie kinachoonekana, alisema, mwambie anachokihitaji kwa zamu yake. Yeye mwenyewe alikuwa hatari. Ukimwambia jambo mara moja, limeandikwa. Alikaa na karata nne asizoziona, akazitaja kimoyomoyo, midomo ikitikisika kidogo, na baada ya raundi sita aliweka moja mkekani kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Ndiyo iliyokuwa inatakiwa. Tulipata karata kumi na mbili mkekani, tukapata kumi na nne, tukafika kumi na sita. Ishirini, alisema, ni za waliozaliwa pamoja.

Sasa naandika na najiuliza kama kweli ule ulikuwa mwaka wa furaha au nimeupaka rangi baadaye. Nadhani ulikuwa. Nilikuwa sina kazi wala mchumba, na wiki nzima niliishi nikingoja saa tisa ya Jumapili, chai ya mchaichai kwenye birika la maua, na watu watatu wanaojua nilichoshika mkononi kuliko mimi. Hata sasa harufu ya mchaichai inanikaba. Mume wangu anadhani siipendi tu.

Masika yalikuwa yanaishia Mwalimu alipogonga kichwa. Mvua ilikuwa inanyesha, alikwenda dukani kununua kiberiti, mwenye duka ameshusha geti nusu ili maji yasiingie. Mwalimu akainama, akachukua kiberiti chake, na wakati wa kutoka akasahau kuinama. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, akicheka. Alirudi na nundu upande wa kulia, na kwa kuwa nyumba haikuwa na barafu nyingine, Mama Neema alimkandamizia barafu za ubuyu alizonunua kwa jirani. Zikayeyuka, ukosi wa shati jeupe ukawa mwekundu, Festo akasema mzee sasa unanyonyeka. Tulicheka wote. Mwalimu alikaa katikati ya kochi kichwa kimeinama, ubuyu unamchuruzika shingoni, na sisi tunacheka. Ni picha ninayoiona zaidi ya zote, na huwa inanijia mchana kweupe, nikiwa kwenye foleni ya benki au nasahihisha madaftari. Hainijii usingizini. Usingizini ningeweza kuamka.

Yalipita majuma matatu hivi. Jumapili moja nilimwambia Mwalimu, "Hii ni kopa." Zamu mbili mbele akaichukua ile ile, akaitazama mgongo wake, akaitupa. Ilikuwa nne ya kopa ya mwisho, nyingine ilishatupwa. Nilidhani ana hesabu kubwa kichwani ambayo mimi siioni, maana Mwalimu alikuwa hakosei, kwa hiyo nikatafuta sababu ya kosa lake kwa muda mrefu na kwa heshima zote. Juma lililofuata Hidaya alimdokeza, "Hizi mbili ni tatu." Raundi ikazunguka, na Hidaya akarudia, neno kwa neno, "Hizi mbili ni tatu." Mbegu ya pili ikatoka kwenye sosa kwa jambo lililokwishasemwa. Nilikasirika, nikamgeukia nimkate jicho, nikamkuta ananitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Hapo nikaelewa. Nikamtazama Festo, naye alikuwa ameinamia bakuli la senene wala hali.

Tulipotoka, tulisimama pale upande wa pili wa barabara, kwenye meza tupu ya mihogo. Festo ndiye aliyeanza, na nataka liandikwe hivyo. "Jamani, mzee hayuko sawa. Tumwambie mama."

"Umwambie nini?" nikamuuliza.

"Kwamba anasahau. Mie jana kaniuliza mara mbili kama nimelipia maji. Mara mbili, sista, pale pale."

"Festo, una adabu kweli wewe? Mtu wa watu, mwalimu mzima, uende kwa mkewe useme akili imemlegea? Kazeeka. Wazee wanasahau. Utamvunjia heshima nyumbani kwake kwa sababu ya karata?"

"Sijasema imelegea."

"Ndo atakavyosikia."

Hidaya alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Festo akabinua mdomo kidogo, akasema basi, nyie ndio Waswahili wa hapa, mnajua namna ya kusema na watu wazima, akaenda zake. Na mimi nilirudi chumbani nikijiona nimelinda kitu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na sijui hata leo kama ni kosa: mtoto hamwambii mkubwa kwamba amepungua. Anamsogezea kiti. Anamrudishia neno lililompotea kana kwamba alikuwa anataka kulisema yeye. Basi tukamsogezea Mwalimu kiti.

Tulifanya hivi. Kwenye mkeka, mimi nilihama nikakaa mahali ambapo zamu yangu ilikuwa inatangulia ya kwake. Kazi yangu ikawa moja: kumwambia Mwalimu, dakika hiyo hiyo, karata ambayo anatakiwa kuiweka dakika hiyo hiyo. "Hii ni mbili." Anaichukua, anaiweka, imekaa. Hakuhitaji tena kukumbuka chochote, maana alikuwa anapokea na kutumia kabla kumbukumbu haijapata nafasi ya kuvuja. Festo na Hidaya walitupa karata ili mbegu zirudi, na mimi nizile. Yote aliyotakiwa kuyabeba yeye tuliyabeba sisi watatu kichwani, za kwake na za kwetu. Hatukupanga kwa maneno. Mchezo wenyewe ulikuwa umeshatufundisha kupanga bila maneno, na aliyetufundisha alikuwa yeye. Nitasema na linaloniuma zaidi: nilifurahia. Nilikuwa nimekuwa hodari. Uso wangu ulikuwa haupigi kelele tena. Nilikaa pale nimetulia, namwongoza mzee wa watu kwenye ushindi, naye anadhani anatembea mwenyewe, na nilijisikia vizuri moyoni kama mtu aliyetoa sadaka.

Alama zikapanda. Kumi na saba. Kumi na tisa. Nilimsikia Mama Neema barazani akimwambia jirani yake, "Siku hizi mzee wangu kachangamka, we acha. Usingizi haupati vizuri, kichwa kinamgonga, lakini kwenye zile karata zao anawapeleka mbio." Jirani akasema ndiyo dawa ya uzee, kukaa na vijana. Mimi nilikuwa dirishani nafunga pazia jua lisiwapige wachezaji machoni. Nilisikia vizuri kabisa: usingizi, kichwa. Nilifunga pazia, nikarudi mkekani.

Jumapili tuliyopata ishirini ilikuwa na upepo, karata zilikuwa zinataka kuruka, Hidaya akazikandamizia vijiko. Tano ya shupaza ndiyo iliyokuwa ya mwisho na ilikuwa kwa Mwalimu. Nilimdokeza. Akaishika muda mrefu, tukaogopa, halafu akaiweka. Safu nne zimekamilika. Mama Neema aliingia na sinia akakuta mumewe amesimama anatupa mikono mmoja mmoja, kama siku ya mahafali. "Nimefundisha miaka thelathini na mbili," akasema, "sijapata darasa kama hili." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Mama Neema akasema leo ndizi nitaongeza.

Kesho yake nilikwenda kurudisha bakuli. Mama Neema alikuwa sokoni. Mwalimu alikuwa sebuleni ametazama ramani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitika, "Marahaba," akaninyooshea kochi. Tukaongea habari za ajira yangu. Akaniuliza nimesomea masomo gani, nikamwambia, na baada ya kitambo kidogo akaniuliza tena nimesomea masomo gani. Nikamwambia tena, kwa sauti ile ile, bila kupepesa. Akanitazama. Alikuwa mwalimu, alikwisha kuona watoto wengi wakificha kitu.

"Mwanahawa, mwanangu, nikuulize jambo. Uniambie kweli. Mimi nimeanza kusahau?"

Nilikuwa nimekaa mbali naye hatua mbili. Feni ilikuwa inageuka. Naweza kusema nilishtuka, kwamba sikupata muda wa kufikiri, lakini nilipata. Nilifikiri vizuri. Nikafikiri: nikisema ndiyo, nitamwona uso wake. Nikacheka kidogo.

"Wewe, Mwalimu? Aa. Jana si tumepata ishirini?"

"Ni kweli," akasema. "Ishirini." Mabega yakamshuka. Akaniambia nisiondoke bila chai.

Tulicheza tena Jumapili iliyofuata, tukapata kumi na nane. Jumatano Mama Neema alimkuta sakafuni karibu na karai la maji, mguu wa kushoto hauna nguvu, maneno hayatoki. Festo alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyetafuta gari, mimi ndiye niliyebeba chupa ya chai na khanga. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, na daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, akatukuta koridoni. Akasema damu imevuja ndani ya fuvu, polepole, na haikuanza jana. Hii ina wiki nane, tisa. Aligonga kichwa? Mama Neema akakumbuka geti la duka. Daktari akauliza kama kuna mtu aliyeona dalili, kusahau, kuchanganya mambo, kurudia maneno.

"Hapana, daktari," Mama Neema akasema. "Kichwa kumgonga tu. Akili yake nzima. Jumapili hii hii alikuwa na hawa watoto, wana karata zao za kutumia akili, na wanashinda." Akanigeukia. "Si ndiyo, Mwanahawa?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Walimtoboa fuvu jioni ile kuitoa damu. Alikufa Ijumaa mchana. Wakati Mama Neema yuko ndani na mwili, nilikwenda kusuuza chupa ya chai kwenye sinki mwisho wa koridoni, na wahudumu wawili walikuwa wanaongea wakinawa mikono. Mmoja akasema inasikitisha, maana hizi zikiwahiwa mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwenzake akasema watu hawaleti wagonjwa mapema. Waliponiona wakanipisha kwenye bomba.

Nilipangiwa shule miezi miwili baadaye, nikafundisha, nikaolewa, nikazaa. Sijashika karata tena. Nyumbani kwangu mtu hawezi kusema kichwa kinamuuma bila mimi kuchukua mkoba, na watoto wangu wana utani wao kwamba mama ukimwambia umesahau ufunguo anataka upigwe picha ya fuvu. Nacheka nao. Lakini mume wangu akinisimulia kisa alichokwisha kunisimulia, namwambia hapo hapo, hicho ulishanisimulia. Anaona nina dharau. Mara kwa mara, darasani, mtoto ananyanyua uso kuniuliza swali na nauona uso mwingine unaongoja jibu, umetulia, unaniamini. Naeleza somo mpaka mwisho. Halafu natoka nje nasimama ukutani mpaka unapita.

Jumamosi nilimkuta Hidaya ameshafika, amefunga kilemba, anavisha vikombe vya kabatini magazeti. Siku hizi ana mgahawa wake na amenenepa vizuri. Festo hakuja. Amejenga Chamazi, si mbali na kiwanja cha mpira, na alituma ujumbe kwamba gari lake bovu. Mama Neema alikuwa jikoni anatusafishia samaki. Tulifunga vikombe sita hivi, kisha Hidaya akasema bila kunitazama, "Mwana, mie leo nataka nikwambie kitu. Mzee aliniuliza."

Sikuhitaji kuuliza aliuliza nini. "Lini?"

"Nikiwa namenya mihogo. Kavuka barabara mwenyewe, kaja. Kaniuliza, Hidaya, nasahau? Nikamwambia, Mwalimu, sie ndo tunaosahau, wewe huna kitu." Akaweka kikombe. "Nimekaa nalo peke yangu. Nikikuona we umetulia nasema huyu hajui lolote."

"Na mie aliniuliza," nikasema. "Na mie nilimjibu hivyo hivyo."

Tukakaa sakafuni kati ya magazeti. Miaka kumi na minane tumekula pamoja, tumelia misiba pamoja, na kila mmoja alikuwa anadhani ni yeye tu aliyeulizwa. Hidaya akasema tusimwambie, mama ni mtu mzima sasa, mwache aende Madale na moyo wake. Nilisikia sauti yangu mwenyewe katika maneno yale, ile ya pale mezani barabarani, na nikaogopa kwamba nikikaa dakika moja zaidi nitamkubalia. Nikainuka.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda, karai la samaki miguuni. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia kuna jambo la Mwalimu. Akasema sema. Nikasema: kwamba tuliona anasahau, zaidi ya mwezi kabla hajaanguka, kwamba tulimsaidia kwenye mchezo asijulikane, kwamba aliniuliza na nikamdanganya, na kwamba hospitali ulipoitafuta kweli machoni pangu nilikudanganya na wewe. Nilidhani ingechukua muda mrefu. Ilichukua muda wa kupara samaki mmoja, na aliendelea kumpara mpaka nilipomaliza. Hidaya alikuwa amesimama mlangoni analia bila sauti.

"Siku ile alikuwa ameshavaa," Mama Neema akasema.

"Siku ipi, mama?"

"Jumanne. Wiki nzima kabla hajaanguka. Aliniambia Jumapili usiku, Mama Neema, kichwa changu hakiko sawa, keshokutwa tuende hospitali. Asubuhi ya Jumanne nikajitayarisha. Natoka chumbani namkuta kwenye kochi anavua viatu. Namuuliza vipi tena. Akasema hakuna haja. Nimewauliza wale watoto, mmoja mmoja, Mwanahawa, Hidaya, Festo. Wote wamesema sina kitu, na wale hawawezi kunidanganya." Akamgeuza samaki upande wa pili. "Kwa hiyo mlichomjibu nilikuwa nakijua. Nakijua toka siku ile. Nilichokuwa sijui ni kama mliona. Miaka yote nimekuwa nikisema hapana, wale wangeona wangesema. Hawakuona. Ningefanyaje na nyie, kama ningejua mliona?"

Nilitaka anitukane, anipige na kile kisu cha samaki kwa ubapa wake, chochote. Akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Na Festo aliona?"

Hapo kulikuwa na nafasi. Festo hayupo, Hidaya asingenisema, na ningeweza kugawa kosa mafungu matatu yaliyo sawa, la kwangu likawa dogo.

"Aliona, mama. Alitaka kukwambia siku ile ile. Mimi ndiye niliyemkataza."

Kisha akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta vizuri kwa khanga, kidole kimoja kimoja. "Nipigie Festo," akasema.

Nikampigia, nikampa simu. Ilipopokelewa, alifumba macho kidogo.

"Festo, mwanangu," akasema. "Ni mimi. Umeshakula?"

Mimi alikuwa hajaniita mwanangu toka nilipofungua mdomo. Nikarudi sebuleni. Hidaya akanifuata, akanipa gazeti, na tukaendelea kufunga vikombe.